Mwiko wa Kufungulia Bodi za Milango

Tangu nilipokabidhi meza yangu na cherehani ya gereji, vijana mmekuwa mkinijia nyumbani mmoja mmoja, kila mtu na swali lake. Huyu anataka kujua kwa nini bodi ya mlango imemchanikia mikononi, yule ananiletea klipu mfukoni aniambie ni ya gari gani. Nimeona niandike mara moja, mkasome wenyewe, nami nipate kujinyoosha baada ya adhuhuri kama wastaafu wengine. Habari za mshahara na vyeo sitazigusa. Siku ya kwanza cheo changu kilikuwa fundi wa viti, na siku ya mwisho kilikuwa hicho hicho.

Nilianza kazi miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa nimerudi Bagamoyo na talaka yangu, nikikaa kwa kaka yangu Omari, ambaye alikuwa na duka la vitambaa. Nyumba hiyo hiyo alikaa shangazi yetu Mafunda, dada wa marehemu baba, ambaye tangu nimfahamu hakuwahi kuonekana bila ukili mkononi. Alisuka mikeka, na mimi nilishona. Nilikuwa na cherehani ya mkono niliyotoka nayo kwa mume. Ndicho kitu pekee nilichokigombania, na sijawahi kujuta. Nilishona foronya, mapazia, na nguo za watoto sikukuu zikikaribia.

Mzee Almasi alikuwa na gereji kwenye barabara ya kuingilia mji ukitokea Dar es Salaam. Ufundi wake mwenyewe ulikuwa wa viti na mapambo ya ndani ya magari, kazi aliyoifanya mjini tangu enzi za Mwingereza. Lakini mikono ilikuwa imeanza kumtetemeka, na sindano haitaki mkono wa namna hiyo. Siku moja alikwenda dukani kwa kaka kutafuta reksini, ile ngozi ya bandia ya kufunikia viti, akaona mto nilioushona umewekwa kwenye kiti, akauchukua, akaugeuza ndani nje na kuutazama mshono kwa muda mrefu. Akauliza ni kazi ya nani. Kaka akamwambia ni ya dada yake. Mzee akaomba nijaribu kiti kimoja cha gari.

Kiti kililetwa nyumbani kwa mkokoteni. Nilikifumua kwa woga, nikitarajia kukuta ndani yake kitu cha kizungu nisichokijua. Nikakuta makumbi. Nyuzi za makumbi ya nazi, zimegandishwa kwa mpira na kufinyangwa zikafuata umbo la kiti, ndani ya gari lililosafiri kutoka Ulaya. Mimi na shangazi tukatazamana. Tangu utotoni tulikuwa tukifukia makumbi kwenye matope ya pwani, tukayafukua, tukayaponda na kuyasokota kamba, wala hatukujua kwamba huko ng'ambo watu wanayakalia. Shangazi akasema kama mambo yenyewe ndiyo haya, basi kazi hii tunaijua. Nilicheka, na woga ukaniondoka pale pale.

Kaka alikubali nifanye kazi ile kwa sharti moja: nisikae gereji katikati ya wanaume. Mzee Almasi, mtu mwenye adabu zake, hakubishana. Alijenga banda la makuti ng'ambo ya barabara, mkabala na gereji, lenye mlango wake, na shangazi akaja kukaa nami na ukili wake. Kila kinachohitaji kushonwa kingevushwa barabara na kuletwa kwangu. Mimi nisingevuka. Kwa hiyo mwaka wa kwanza nililijua gari kwa vipande vipande, kama mtu anavyomjua ng'ombe kwa kununua nyama buchani.

Jioni Mzee Almasi alikuwa akivuka, anapiga hodi, tunamwamkia, anakaa kwenye kigoda na kunifundisha kwa mdomo kile ambacho mikono yake haikuweza tena. Alinifundisha kushona pindo la kiti lisijikunje, kuvuta reksini juani ikiwa laini, na kutotia gundi nyingi, kwa sababu atakayekuja kufungua kesho anaweza kuwa wewe mwenyewe.

Aliyekuwa akifungua bodi za milango ni Hamza. Alikuwa makanika hodari kuliko wote niliowahi kuwaona, kijana mrefu, mwenye haraka ya ajabu. Injini aliisikiliza tu akakwambia inaumwa nini. Lakini bodi ya mlango kwake ilikuwa kama ganda la ndizi, kitu cha kuondoa ili ufike unakokwenda. Nyinyi mmezoea bodi za plastiki. Zile za wakati ule zilikuwa za hadibodi, ubao mwembamba wa unga wa mbao ulioshindiliwa, na juu yake imevutwa reksini. Nyuma kuna matundu, na kila tundu limeshika klipu ya chuma inayoingia kwenye bati la mlango. Hamza alichomeka bisibisi pembeni na kukandamiza, bodi ikalia, ikatoka. Ikifika kwangu tundu moja limechanika, rangi ya mlango imekwaruzika, na reksini ina alama ya bisibisi kama kovu la ndui. Kazi yangu ikawa kutibu majeraha ya Hamza.

Siku moja nililalamika kwa sauti, si kwa mtu maalumu. Shangazi Mafunda, bila kuinua macho, akaokota kipande bapa cha pembe ya ng'ombe alichokuwa akilazia ukili, akanirushia. Alisema kinapita chini ya ukili kila siku na hakijawahi kuukata. Pale bandani tulikuwa na mlango mzima wa gari bovu, ambao Mzee Almasi aliuleta nijifunzie. Nikapitisha pembe kati ya bodi na bati. Iliingia bila kukwaruza rangi. Lakini ilikuwa nyembamba, na nilipoinyanyua uzito wote ukakaa mahali pamoja, hadibodi ikaanza kupasuka.

Nikafikiria kitu chenye ulaini wa pembe lakini kipana zaidi, nikakiona kinaning'inia jikoni. Ulikuwa mwiko wa kusongea, mpana, wa mninga, umeshika rangi ya miaka mingi ya moshi. Niliupunguza ncha kwa kisu, nikaukwangua kwa kipande cha chupa, nikaumalizia kwa majani ya msasa mpaka ukawa laini kama kiganja. Ncha ya mwiko wa kazi hii iwe nyembamba kiasi cha kuingia unapoingia ukucha, na iwe pana kiasi cha kubeba uzito bila kuchimba. Katikati ya ncha nikaukata mdomo kama wa nyoka, ili shina la klipu likae katikati ya ule mdomo na mwiko uinyanyue klipu yenyewe, usiinyanyue bodi. Huo mdomo ndio siri yote. Wanaowauzia vifaa vya plastiki leo wameukata vile vile, nami sina la kuwadai.

Baadaye nikaongeza ubapa wa mwanzi, mrefu na mwembamba, wa kupitisha nyuma ya bodi kutafuta klipu zilipo kabla ya kugusa chochote. Ukigota, hapo pana klipu; tia alama ya chaki. Pembe sikuitupa, kwa kuwa hakuna kinachoishinda kwenye ukingo wa dashibodi. Ukiichemsha inalainika, unaweza kuikunja upendavyo ingali moto. Na klipu zikitoka zisiwekwe mfukoni. Niliziweka kwenye kifuu cha nazi, kifuu kimoja kwa mlango mmoja, maana klipu za milango miwili zikichanganyika zitakufanya umkumbuke kila mtu aliyewahi kukukosea.

Mzee Almasi alipoviona vifaa hivyo aliomba nimkatie pindo la kanga kuukuu. Akanionyesha jambo alilolificha muda wote huo. Mkono wa kupandishia kioo unashikwa kwa nyuma na kiwaya kilichopinda kama kwato ya farasi. Watu huuvunja kwa kuugonga. Yeye alipitisha kile kitambaa nyuma ya mkono, akakishika ncha mbili na kukivuta huku na huku, kama mtu anayeng'arisha kiatu. Kitambaa kikanasa kiwaya, kikakitoa. Mikono ilimtetemeka muda wote, na haikudhuru kitu.

"Bodi haivutwi, mwanangu," aliniambia. "Unaifungua klipu moja, unakwenda ya pili. Ukiona unatumia nguvu, kuna klipu hujaiona."

Alikwenda kumwomba kaka aniruhusu kuvuka barabara nifungue bodi mwenyewe. Kaka alimkaribisha kahawa, akamsikiliza vizuri, akakataa. Ikabidi tumpe Hamza vile vifaa. Mwiko ulirudi baada ya siku chache ukiwa na lami; alikuwa ameutumia kuikoroga. Alimtuma mtu aniambie kwamba anashukuru, ila gereji hawapiki.

Miaka ikaenda hivyo. Kisha vipuri vikaadimika. Mtu akivunja kitu cha gari hakuwa na pa kukipata kingine. Kilichovunjika kilibaki kimevunjika, labda uende Dar es Salaam ukaombe kwa watu wanaokata magari mabovu. Kila bodi iliyovushwa barabara ilikuwa ya mwisho ya aina yake. Nilijifunza kuziba matundu yaliyochanika kwa vipande vya turubai na gundi, lakini bodi iliyozibwa mara mbili haishiki tena.

Masika moja, mvua ikiwa kubwa, likaletwa gari la kliniki ya wazazi, likivutwa na lori. Lilikuwa gari dogo la Kiingereza lenye mlango wa nyuma, na mwendeshaji wake alikuwa mkunga mwenyewe, Bibi Rehema, mwanamke mwenye asili ya Pangani, mtulivu, ambaye watu walizoea kumwona akipita peke yake akielekea vijijini. Alikuwa ameitwa kwa mzazi upande wa Kerege. Bondeni maji yalikuwa yamepanda, gari likazimikia katikati. Alitokea dirishani, akajitwika begi lake kichwani, akavuka na kwenda kwa miguu. Mtoto alizaliwa salama. Gari lilikutwa limeegemea mti, milango imejaa tope.

Hadibodi ikinywa maji huvimba, na isipotolewa upesi na kukaushwa kwenye kivuli hujikunja kama papa mkavu. Mzee Almasi aliagiza milango isiguswe mpaka arudi kutoka Dar es Salaam, alikokwenda kutafuta kipuri cha injini. Akapanga kwamba akirudi ataondoa bodi yeye, kwa mikono ile ile.

Lakini kioo cha mlango wa dereva kilikuwa kimekwama chini na mvua ilikuwa ikiingia. Bibi Rehema alipita asubuhi akaulizia, akasema kuna mzazi Mbegani ambaye siku zake zimekaribia na njia haipitiki vizuri kwa miguu. Hamza hakuwa mtu mbaya hata kidogo. Alitaka gari lile litoke. Akaona kioo akirekebishe mwenyewe bila kungoja.

Tuliyajua haya baadaye. Sisi tulikuwa bandani wakati kibarua mmoja wa gereji aliposimama mlangoni, analowa, akasema Hamza ananiita.

Hamza hakuwahi kuniita. Nikamtazama shangazi. Yeye ndiye aliyekuwa mlinzi wa lile sharti la kaka. Akaweka ukili chini, akajifunika kanga yake vizuri.

"Beba kapu lako la vifaa," akasema. "Twende."

Tukavuka. Hamza alikuwa amepiga magoti kando ya mlango uliofunguliwa, mkono wake wa kulia umezama nyuma ya bodi mpaka kwenye kiwiko. Alikuwa ameachanisha bodi upande wa chini tu. Juu klipu zilikataa kwa sababu ubao ulikuwa umevimba, basi akapitisha mkono kwa chini na kufungua bolti kwa kupapasa. Chuma kinachopandisha kioo kina springi nene iliyojikunja. Bolti ilipoachia, chuma kikafyatuka na kumbana kifundo cha mkono kwenye ubavu wa mlango. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi. Fundi mwingine alikuwa amesimama juu yake na mtaimbo, tayari kuipasua bodi.

"Dada Mwanaisha," Hamza akasema, polepole sana, "mwambie huyu aweke hilo chuma chini. Bodi ikivunjika itaangukia springi."

Nilimuuliza itakuwaje nikiugeuza mkono wa kioo. Akasema ameshajaribu, unamkaza. Kwa hiyo mkono ule wa kioo ulitakiwa utoke bila kugeuka hata kidogo, kisha bodi itoke nzima, ndipo tuone kilichombana. Kwa miaka yote ile nilikuwa nimefungua mlango mmoja tu, na huo ulikuwa wa gari bovu, uliolazwa sakafuni bandani kwangu.

Shangazi akaushika mkono wa kioo kwa viganja vyake viwili, ukatulia kama umepigiliwa misumari. Vidole vilivyosuka ukili maisha mazima vina nguvu ambayo huwezi kuidhania. Nikapitisha pindo la kanga nyuma yake, nikavuta huku, nikavuta huku. Kitambaa kililowa na kuteleza. Nikakikamua, nikaanza tena. Kiwaya kikaruka, kikaangukia topeni, mkono wa kioo ukatoka.

Wakati huo Bibi Rehema akafika, amekuja kuuliza habari za gari lake. Hakuuliza tena. Alizunguka, akachuchumaa upande wa pili, akamshika Hamza begani.

Nikapitisha mwanzi, nikahesabu klipu kwa kugota, nikatia alama kwa ukucha kwa kuwa chaki haikushika kwenye maji. Kisha nikaingiza mwiko. Ubao ule ulikuwa laini kama mkate uliolowekwa. Ungeuvuta kidogo tu ungebaki na kipande mkononi. Klipu ya kwanza ikatoka. Hamza alipoona imetoka alitaka kujivuta.

"Usivute," Bibi Rehema akamwambia. "Pumua. Taratibu. Nikikwambia subiri, subiri."

Hamza akapumua. Nikaenda klipu ya pili. Akashtuka tena, naye akamrudishia maneno yale yale kwa sauti ile ile, kama mtu aliyeyasema mara nyingi sana katika maisha yake.

"Bibi," Hamza akasema, "mimi sizai."

"Najua. Wanaozaa wananisikiliza zaidi."

Shangazi alicheka. Sikumwangalia mtu, nilikuwa na klipu za juu, ambazo ndizo ngumu, na kutu ilikuwa imezishika. Pale palipokataa niliuacha mwiko ukae, nikaingiza pembe pembeni yake, nikavinyanyua vyote viwili kidogo kidogo. Sikumbuki tulichukua muda gani. Ninachokumbuka ni uzito wa bodi ilipoachia yote kwa mara moja na kunilalia mikononi, nzito kwa maji, nzima, na matundu yake yote.

Ndipo tukaona. Hamza mwenyewe, mkono wake ukiwa bado umebanwa, akamwelekeza yule fundi mahali pa kuweka ncha ya mtaimbo, aiegemee springi polepole, asiiachie mpaka aambiwe. Fundi akafanya hivyo hivyo. Mtaimbo nao ukapata kazi yake siku ile. Mkono ukatoka.

Kifundo kilikuwa kimevimba, mgongo wa kiganja umechanika, na vidole viwili vilikuwa vikining'inia. Bibi Rehema akafungua begi lake, akakisafisha kidonda na kukifunga. Hamza akakaa topeni, akaegemea gurudumu.

"Bodi imepona?" akauliza.

"Imepona kuliko wewe," Bibi Rehema akamjibu.

Mimi nilikwenda kuketi kwenye tairi. Shangazi akaokota kile kiwaya topeni, akakifuta kwa kanga yake na kukitia kwenye kifuu.

Bodi ile tuliilaza kati ya mbao mbili bandani, juu yake magunia ya mchanga, tukawa tunaigeuza kila asubuhi. Ilipokauka tukaipaka vanishi upande wa nyuma isinywe maji tena. Milango mingine Mzee Almasi aliporudi aliniachia mimi yote, akakaa pembeni kwenye kigoda akitazama. Alisema neno moja tu, kwamba mlango wa nyuma nianzie chini. Gari lilikwenda Mbegani kwa wakati.

Habari zilimfikia kaka kabla sijafika nyumbani. Alikuwa ananingoja barazani. Alisema ameambiwa nimeonekana gereji, kwenye mvua, nimemshika mkono mwanamume mbele ya watu. Hakuwa na hasira ya kupiga kelele. Alikuwa na ile ya kuongea chini, ambayo mimi naiogopa zaidi. Alisema sharti lilikuwa moja tu, na limevunjwa, basi kazi imekwisha.

Shangazi Mafunda akapita katikati yetu, akakaa, akavua makubazi yake yaliyojaa tope.

"Omari, mimi ndiye niliyemvusha," akasema. "Aliyemshika yule kijana ni mkunga. Mwanaisha alishika mwiko."

Shangazi akaendelea, bila kupandisha sauti, kwamba mtu alikuwa amebanwa na chuma, na kulikuwa na mtu mmoja tu Bagamoyo nzima mwenye vifaa na mikono ya kumtoa bila kumkata, na huyo mtu amelelewa katika nyumba hii. Kama ni aibu, basi amweleze aibu yenyewe iko wapi, kwa sababu yeye ameitafuta njia nzima hakuiona. Kaka aliingia ndani. Asubuhi, nikiwa sijui niende au nisiende, alitoka na mwavuli wake akaniwekea mlangoni.

"Vuka tu," akasema. "Lakini shangazi avuke nawe."

Shangazi alivuka nami mpaka alipozeeka. Mkeka wake ulikuwa karibu na benchi la Hamza, na mafundi walijifunza kusema kwa adabu.

Hamza alikaa nyumbani kwa wiki kadhaa. Vile vidole viwili vilipona vibaya. Havikukunjika tena sawasawa. Aliporudi alikuwa na hofu, ingawa hakuisema. Bolti ndogo zilimponyoka. Niliwahi kumwona akiokota ile ile mara kwa mara mpaka akaiacha chini na kutoka nje. Mzee Almasi alianza kumpa kazi za kusikiliza injini na kuwaelekeza wengine. Polepole akajifundisha kutumia mkono wa kushoto. Siku moja akaja na kipande cha mninga na kipande cha chupa, akaomba nimwonyeshe namna ya kukata ule mdomo. Mwiko wake wa kwanza ulikuwa mnene mno. Wa pili ulivunjika. Wa tatu alikaa nao muda mrefu, na tangu hapo bodi zilizopita mikononi mwake sikuwa na cha kuzitibu.

Kitu kingine ni kwamba kidonda chake kilipona mapema, lakini aliendelea kwenda kliniki kufungwa bandeji. Sisi tulikiona kile kiganja akikifungua kunawa, kimekauka vizuri, na kila siku kilikuwa na bandeji mpya. Shangazi ndiye aliyemwambia kwamba kama ana la kusema alipeleke Pangani kwa wazee wa Bibi Rehema, aache kumaliza bandeji za wazazi. Akapeleka. Wazee walichunguza, wakauliza, wakakawia kama wazee wanavyotakiwa kukawia, wakakubali.

Asubuhi ya harusi Mzee Almasi alitoa gari lake mwenyewe, la Kifaransa, refu, nililolishonea viti upya kwa wiki nzima. Hamza angepelekwa nalo yeye na wazee wake kwenye nyumba waliyofikia jamaa wa bibi harusi, aozwe hapo. Akatoka amevaa kanzu na joho, ananukia udi, akafungua mlango na kuufunga. Ndani ya mlango kitu kikagonga, tik, mara moja. Akaufungua, akaufunga tena. Tik.

Wazee walishaingia. Wakamwambia ni kitu kidogo, kitashughulikiwa kesho. Hamza akavua joho, akanipa nishike. Akaenda bandani, akarudi na mwiko, mwanzi na kifuu. Nilidhani ataniomba nifanye mimi, nikanyoosha mkono, lakini hakuniangalia. Alikunja mikono ya kanzu, akapiga magoti juu ya gunia, akapitisha mwanzi nyuma ya bodi na kutia alama za chaki, zote, bila kuruka hata moja.

Wazee wakatoka garini, wakasimama kivulini wakijipepea kwa kofia. Akaja mtu kutoka kwa jamaa wa bibi harusi kuuliza kulikoni. Tukamwambia kuna kitu mlangoni. Akaenda, akarudi na ujumbe kwamba Rehema ameuliza kama ni injini au ni bodi; alipoambiwa ni bodi, akawaambia watu wake wawaongeze wageni chai.

Hamza alifungua kwa mkono wa kushoto, klipu moja, kisha nyingine, na kila iliyotoka aliiweka kifuuni. Mzee Almasi alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele, amefumba macho, anasikiliza. Hakuna aliyemharakisha tena. Bodi ilipoachia, Hamza akaingiza vidole chini kabisa ya mlango, akatoa skrubu ndogo, akaifuta na kuniwekea kiganjani. Niliigeuza huku na huku. Haikuwa ya mlango ule, wala ya gari lile, na mpaka leo hatujui ilitoka wapi.

Akairudisha bodi, akaigonga kila klipu kwa kisigino cha kiganja, taratibu, akizunguka. Akanawa mikono. Nikamvika joho lake, nikalinyoosha mabegani. Wazee wakaingia, naye akaingia wa mwisho, akauvuta mlango.

Ukafunga, na ndani yake hakukusikika kitu.